Kuongeza chumba nyumbani Dar es Salaam: kibali na bei za mafundi, hatua kwa hatua

Nilipotaka kuongeza chumba chenye choo ndani nyuma ya nyumba yetu, niliita mafundi watatu Jumamosi moja, kila mmoja kwa saa yake. Wa kwanza aliniandikia bei nyuma ya risiti ya saruji. Wa pili alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Wa tatu alizunguka uwanjani akipima kwa hatua za miguu, kisha akanitajia jumla kwa mdomo na kuongeza, "Bosi, mimi na wewe hatuwezi kushindwana."

Bei ya juu ilikaribia mara mbili ya bei ya chini. Ile ya chini niliifurahia siku mbili nzima, mpaka nilipowapigia mmoja mmoja kuwauliza wanajenga nini hasa. Mmoja alipiga hesabu ya matofali ya inchi 5, mwingine ya inchi 6. Mmoja hakuhesabu shimo la maji taka, alidhani choo kitaunganishwa na shimo la zamani. Yule wa bei ya chini alikuwa ametaja bei ya boma tu: kuta na paa, bila plasta, bila sakafu, bila mlango.

Hakuna aliyetaka kuniibia. Sikuwa nimewaonyesha chochote, kwa hiyo kila fundi alijenga chumba chake kichwani. Wiki hiyohiyo manispaa nako walinirudisha nyumbani kwa sababu hiyohiyo: ramani iko wapi? Ndipo nilipoelewa kwamba kibali na bei za mafundi vinasubiri karatasi moja. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa msingi huo. Naandika kwa Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikojenga. Halmashauri nyingine za Tanzania Bara zinafuata njia hiyo kwa sehemu kubwa. Zanzibar wana sheria na mamlaka zao.

Hatua ya 1: Ni ukarabati au ni ujenzi?

Kupaka rangi, kubadilisha vigae au kufumua dari iliyooza ni ukarabati. Ukichimba msingi mpya, ukivunja ukuta unaobeba paa, ukiinua ghorofa au ukitoboa ukuta wa mbele uweke fremu ya duka, huo ni ujenzi, na unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri yako. Kwa Dar es Salaam hiyo ni Halmashauri ya Jiji kwa eneo la Ilala, au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Fremu ya duka ina mzigo wa ziada, maana unabadilisha pia matumizi ya kiwanja, na hilo huombewa peke yake.

Watu wengi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa, wakapewa barua yenye mhuri, wakaanza kuchimba. Barua ile inakutambulisha tu kwamba wewe ni mkazi na eneo ni lako. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuidhinisha ramani. Siku maofisa wa halmashauri wakipita na kukuta kuta zimefika usawa wa madirisha, wataandika X nyekundu, alama ya kwamba jengo linaweza kubomolewa, na barua ya mtaa haiifuti.

Hatua ya 2: Karatasi za kiwanja

Halmashauri itataka kuona kwamba eneo ni lako. Hati miliki ndiyo bora, lakini barua ya toleo, ambayo sote tunaiita ofa, nayo hutumika. Kwa maeneo ambayo hayajapimwa, huweza kuwa leseni ya makazi. Ulinunua kwa mtu? Ambatisha mkataba wa mauziano na karatasi za makabidhiano, mlolongo usikatike.

Mambo mawili hukwamisha watu hapa. La kwanza ni hati yenye jina la marehemu baba. Familia inaishi humo miaka kumi, kila mtu anajua nyumba ni ya nani, ila karatasini mwenye nyumba amekufa. Maliza kwanza mirathi mahakamani, msimamizi atambulike. La pili ni hati iliyo rehani benki. Iombe benki nakala, na uulize kwa maandishi kama mkataba wa mkopo unakutaka upate ridhaa yao kabla ya kubadilisha jengo.

Weka tayari pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, hivyo kwa wengi haina usumbufu. Kumbuka tu kwamba mita ya pili ya mpangaji nayo inaweza kuanza kukatwa; ukiiweka, toa taarifa mapema kwamba jengo ni lilelile.

Hatua ya 3: Chukua chokaa utoke nje

Kabla ya kumlipa mchoraji, tafuta bikoni zako zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Usiamini ukuta wa uzio, kwani uzio hujengwa na fundi aliyeambiwa "pitisha hapa". Bikoni isipoonekana, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa airudishe. Ni gharama, ila ugomvi wa nusu mita na jirani unaweza kuwazidi umri wote wawili.

Kisha mwaga chokaa pale chumba kitakapokaa. Mimi nilimwaga, nikasimama kibarazani nikiwa nimeridhika. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwapo mtaani wakati nyumba yetu inajengwa, akachungulia juu ya uzio: "Kijana, hapo unalaza kitanda juu ya shimo." Tulifukua kidogo tukaukuta mfuniko wa zege chini ya nyasi, kona ya chumba ikiwa juu yake kabisa. Chumba kikasogea mita moja na nusu, mlango ukahamia upande mwingine, na yote hayo yaliwezekana kwa kufuta chokaa kwa mguu.

Angalia pia maeneo ya hifadhi, yasiyoruhusiwa kujengwa. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Awali zilikuwa 22.5, ndiyo maana nyumba zilizokuwa salama zamani sasa zina alama. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Anayeishi karibu na Mto Msimbazi, unaofurika mvua zikizidi, hahitaji kuelezwa sababu. Tazama pia juu kama kuna njia ya umeme mkubwa, na uliza bomba kuu la maji linapita wapi.

Hatua ya 4: Ramani

Ramani za kununua mtandaoni zinapendeza, lakini kwa nyongeza hazifai, kwa sababu nyumba yako ya zamani haimo. Mchoraji lazima aje apime kilichopo: unene wa kuta, kimo cha jamvi (zege la sakafuni), mwinuko wa paa, mahali maji yanapotokea. Jamvi jipya likikosana na la zamani kwa inchi mbili, utajikwaa mlangoni maisha yako yote.

Michoro ya kupeleka halmashauri huonyesha jengo kwa juu, kwa mbele na pande zake, mkato wake, msingi na paa. Karatasi hizohizo zinatakiwa ziwe na namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, jina na ujuzi wa mchoraji, ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa, umbali kutoka kila mpaka, matumizi, maegesho, na mfumo wa maji machafu. Kawaida ni seti tatu. Kwa ghorofa ongeza seti mbili za michoro ya mihimili na nguzo kutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi.

Kuhusu ghorofa nitasema moja. Msingi wa nyumba ya chini haukuchimbwa kwa ajili ya ghorofa, labda ramani ya awali ionyeshe hivyo, na neno la fundi kwamba "huu msingi unabeba" si kipimo. Dar es Salaam ilizika watu 36 baada ya jengo la mtaa wa Indira Gandhi kuanguka Machi 2013, na Novemba 2024 Kariakoo ikarudia kilio. Mlipe mhandisi afukue msingi autazame.

Mchoraji akiwa bado mezani, mwombe vitu viwili ambavyo halmashauri haivihitaji ila wewe unavihitaji sana: orodha ya milango na madirisha yenye vipimo, na ukurasa mmoja wa maelezo ya ubora, yaani matofali ya inchi ngapi, zege la uwiano gani, nondo za milimita ngapi, bati la geji (kipimo cha unene) gani. Mkoba ukiruhusu, mpe mkadiriaji majenzi aandae BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi kwa kiasi chake. Kwa chumba kimoja si lazima. Kwa vyumba vitatu na kuendelea, pesa yake hurudi kwenye saruji usiyonunua bure.

Hatua ya 5: Kuomba kibali

Maombi mengi siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Ukikwama, nenda idara ya mipango miji ya halmashauri yako, wakuelekeze. Unajaza fomu, unaambatisha michoro na karatasi za hatua ya 2, unalipia ada ya kukagua michoro. Maombi huzunguka kwa wataalamu: mipango miji, ardhi, afya, uhandisi, na tahadhari za moto. Mtu anaweza kuja kuona eneo. Uwepo siku hiyo, na uwe na ramani mkononi.

Lipa kwa kontroli namba tu, na kabla ya kubonyeza thibitisha jina linalotokea ni la halmashauri yako. Vishoka wako nje ya kila ofisi, na kauli yao ni moja: "Nipe mimi, kesho unalo." Kibali cha kishoka hakimo kwenye kumbukumbu, na utaligundua hilo siku ya X.

Maombi yangu yalirudi mara moja. Hati ilisema kitalu G, ramani ikasema kitalu C. Mchoraji alikuwa ameanzia kwenye faili la mteja mwingine na kusahau kubadilisha herufi. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kupeleka.

Kibali kikitoka, kisome chote, hasa masharti na tarehe ya mwisho wake. Siku za kusubiri usizipoteze: usichimbe, lakini bei unaweza kuanza kuzitafuta.

Hatua ya 6: Kuita bei

Sasa una kitu cha kuonyesha. Piga nakala tatu au nne za ramani na ule ukurasa wa ubora, mpe kila fundi seti, na umwombe ajaze jedwali uliloliandaa wewe. Ukimwachia aandike apendavyo, utarudi kwenye risiti ya saruji. Jedwali langu lilikuwa na mistari hii: kusafisha na kuchimba msingi, zege la msingi na kozi (safu za matofali) za chini, kujaza kifusi na jamvi, kuta mpaka lenta (mhimili wa zege juu ya milango na madirisha), lenta, kenchi (fremu ya kubeba paa) na bati, pamoja na kiungo cha paa la zamani, milango, madirisha na grili, umeme, bomba na shimo jipya, plasta, sakafu, dari na rangi, kuzoa uchafu. Kila mstari una nafasi mbili, vifaa na ufundi. Asichofanya aandike "haimo". Neno hilo ndilo lililoniokoa.

Chagua mapema kama unataka bei ya ufundi tu, ununue vifaa mwenyewe, au ya vyote. Ufundi tu huonekana rahisi, na kwa chumba kimoja mara nyingi ni rahisi kweli, ila kwa mtu anayeweza kuwapo. Kama unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, kile unachookoa kitatoka na toroli mchana. Kwa kazi kubwa tafuta mkandarasi. Wa majengo husajiliwa na CRB, bodi ya makandarasi, kwa madaraja, la kwanza juu na la saba chini. Omba namba yake uihakiki kwenye bodi. Muulize pia kama bei ina VAT ndani, na kama atatoa risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Watu wamewahi kukuta nyongeza hiyo chini ya ukurasa wa mwisho.

Wa daraja lolote, hata fundi wa mtaani, nenda ukaone kazi yake, na usikubali nyumba mpya peke yake. Taka nyongeza aliyoifanya ambayo imeshapita masika mawili. Ingia ndani, tazama pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani, halafu dari chini ya kiungo cha paa. Ufa wa kuingiza kucha na duara la kahawia darini vinatosha kukupa jibu. Mwenye nyumba ukimkuta peke yake, muulize fundi alirudi alipoitwa?

Hatua ya 7: Kulinganisha, kwa kalamu yako mwenyewe

Huhitaji kuwa mhandisi kupima bei. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, upande wa mita 4 ukiegemea nyumba ya zamani. Kuta mpya ni tatu: 4 na 3.5 na 3.5, jumla mita 11. Kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 33. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Tofali la sentimita 45 kwa 23, pamoja na udongo wa kuunganishia, huingia karibu 9 kwa mita ya mraba. Hiyo ni 261. Weka ya kuvunjika, sema 275. Msingini kila kozi ya mita 11 inakula kama 24, kozi tano ni 120. Jumla haifiki 400. Fundi aliyeandika 650 ana la kueleza, na aliyeandika 250 amesahau msingi.

Jamvi la chumba hicho lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.4. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linataka mifuko sita na kitu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo karibu mifuko 9 ya kilo 50. Ukiona 5, muulize jamvi lake ni nene kiasi gani. Usimuulize kwa ukali. Wengine watakueleza kwa uaminifu kwamba kwao sentimita 6 zinatosha, nawe utajua umekutana na nani.

Nondo na bati ndipo bei za chini zinapojificha. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi. Ya milimita 16 ni karibu kilo 19. Dukani omba mizani. Zipo zilizoandikwa 12 na hazifiki hata kilo 9. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 30, namba ikipanda bati linapungua. Bei isiyotaja geji ni bei ya bati jembamba.

Bei ikiwa chini sana kuliko nyingine baada ya marekebisho yote haya, mimi huiacha. Fundi aliyekosea hesabu hatakula hasara yeye. Atasimama kwenye lenta, simu yake izime, na wa pili atakayekuja atatoza kumalizia kazi ya mtu.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Karatasi mbili zinatosha kwa kazi ndogo: majina na namba za NIDA, ramani na jedwali vikiwa viambatisho, tarehe za kuanza na kumaliza, nani analinda vifaa, nani analipa maji, nani anarudia kazi ikikataliwa. Shahidi mmoja kila upande.

Lipa kwa hatua iliyokamilika, si kwa wiki. Msingi na jamvi vimekwisha, lipa. Lenta imemwagwa, lipa. Paa, lipa. Ya kuanzia iwe ndogo. Fundi atakwambia, "Mzee, vijana wanataka kula," na ni kweli, kwa hiyo pangeni tangu mwanzo fedha ya chakula iliyo ndani ya bei, mpate amani. Mabadiliko yote yaandikwe pamoja na bei yake kabla ya kufanyika, hata kama ni soketi moja.

Mimi nilibakiza asilimia 10 mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Tulimaliza Februari. Masika yalipoanza, kiungo cha paa kilitiririsha maji kwenye ukuta kama uzi. Fundi alifika kesho yake na ngazi begani, akafungua bati tatu, akarefusha gata la bonde. Sina hakika angekuja haraka vile kama ningekuwa nimemaliza kumlipa.

Hatua ya 9: Wakati wa ujenzi

Nakala ya kibali na ramani iliyogongwa mhuri vikae kwenye eneo la kazi, kwenye mfuko wa plastiki. Halmashauri hukagua kwa hatua: msingi, jamvi, lenta, paa, na jengo likikamilika. Wape taarifa kabla ya kufukia. Mtaro uliofukiwa bila kukaguliwa unaweza kuamriwa ufukuliwe. Usibadilishe ramani njiani kimyakimya; ukitaka dirisha lihame, rudi kwa mchoraji.

Siku mbili uchukue ruhusa kazini uwepo: ya kuunganisha msingi mpya na wa zamani, na ya kumwaga lenta. Msingi mpya ufike kwenye udongo mgumu kama ule wa zamani, la sivyo chumba kitazama peke yake na ufa utapanda pembeni. Kwenye lenta hesabu nondo kabla ya zege. Baada ya hapo hakuna wa kuziona tena.

Mwisho wa kazi omba ukaguzi wa mwisho na hati ya kuruhusu kutumia jengo, uiweke faili moja na kibali, risiti na mkataba. Kabla plasta haijapigwa nilipiga picha kila ukuta, mita ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, kuonyesha bomba na nyaya zinapopita. Picha ya ukuta wa choo nimeichapisha na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, kwa ajili ya fundi bomba atakayekuja na drili.